Samaki wa mawe yetu wanafahamika Ulaya kuliko Uvira: tuanze na tangi moja shuleni

Maoni ya mwandishi wenu wa Uvira

Jambo ninalotaka kusema leo linaweza kuwachekesha wengine. Mji wetu una shida ya maji safi, kipindupindu hakituachi, na wako watu waliokimbia vita ambao hawana pa kulala. Na mimi ninakuja kuwaandikia habari za samaki wanaofugwa ndani ya kioo sebuleni! Ninaomba mnisome mpaka mwisho, halafu mseme kama nimewapotezea muda.

Ninalosema ni hili. Samaki wadogo wa rangi wanaokaa kwenye mawe ya ziwa Tanganyika wanafahamika vizuri Ubelgiji, Ujerumani na Japani kuliko Uvira, Baraka au Kalemie. Sisi wenye ziwa tunajua ndagala, mikeke na sangala, kwa sababu hao wanaingia kwenye sufuria. Wale wa mawe hatuwajui hata majina. Na kitu ambacho watu hawakijui, hawajui pia siku kinapopotea. Kwa hiyo ninaomba kila shule ya sekondari iliyo kando ya ziwa iwe na tangi moja la samaki hao, likitunzwa na wanafunzi wenyewe. Silitaki liwe pambo la ofisi ya mkurugenzi. Ninataka liwe darasa.

Siandiki haya kwa kusikia. Nimejifunza nyumbani kwa kaka yangu, na nimeua samaki kabla ya kujifunza.

Tangi la kaka yangu

Kaka yangu mkubwa alikuwa mzamiaji. Ujanani alifanya kazi kwa mnunuzi mmoja aliyesafirisha samaki wa rangi kwenda ng'ambo. Alishuka majini na mpira wa hewa uliofungwa kwenye kompresa juu ya mtumbwi, wavu mkononi. Samaki aliyetafutwa sana ni yule mwenye nundu kichwani na mistari mipana mwilini, ambaye wafugaji wa huko wanamwita frontosa. Huyu anakaa chini, mara nyingi meta 20, 30 na zaidi. Ukimpandisha haraka, kibofu chake cha hewa kinavimba na anakufa. Kwa hiyo walimtia kwenye chombo chenye matundu, wakakipandisha meta chache, wakakiacha, kesho tena meta chache.

Kaka hupenda kusema: «Samaki walimpandisha kwa siku tatu. Mimi walinipandisha kwa dakika moja.»

Siku moja alitoka majini akisikia maumivu kwenye magoti. Usiku miguu ikafa ganzi. Huo ni ugonjwa wa wazamiaji: mtu akikaa chini sana, naitrojeni ya hewa anayovuta inayeyuka ndani ya damu, na akipanda haraka inatoka kama mapovu ya limonadi iliyofunguliwa. Hakuna aliyemfundisha hayo. Mnunuzi alimpa nauli ya kurudi nyumbani. Mpaka leo kaka anatembea na gongo.

Kwa pesa alizokuwa ameweka, alinunua vioo na kujenga tangi lake mwenyewe: urefu sentimeta 120, upana 50, kimo 50. Hiyo ni lita 300, bidoni 15 za lita 20. Watoto wa mtaa walikuwa wanakuja jioni kuketi chini na kutazama. Kisha ikafika mafuriko ya Aprili 2020, usiku ule mto Mulongwe ulipotoka njia yake, makumi ya watu wakafa na maelfu ya nyumba zikabomoka. Nyumba ya kaka ilisimama, lakini matope yaliingia mpaka kwenye madirisha. Tangi likajaa udongo kama sanduku. Watu wote wa nyumba walipona, tukamshukuru Mungu, na hakuna aliyelilia tangi. Lilipotolewa matope likawa la kuwekea makaa na viatu vya zamani.

Mwaka jana mtoto wake wa miaka 14 aliniambia: «Baba mdogo, tulirudishe lile tangi. Baba anakaa siku nzima akitazama ukuta.»

Kosa letu la kwanza

Tulianza kwa haraka ya watu wasiojua. Tuliosha tangi kwa sabuni, tukalimwagia javeli, mawe nayo tukayasugua mpaka yakang'aa. Tukajaza maji ya bomba. Siku ileile tukaenda Kalundu na wavu, tukarudi na samaki 12. Jioni tangi lilikuwa zuri, nikapiga picha nyingi na simu. Siku ya pili samaki walikuwa wanapumulia juu ya maji. Siku ya nne hapakubaki hata mmoja.

Kaka alikuwa kwenye kiti chake wakati wote. Nilipomuuliza kwa nini hakutuambia, alijibu: «Mliniuliza?»

Mtoto alijisikia vibaya kuliko mimi, maana yeye ndiye aliyewakamata. Tangu siku ile tulifanya kila kitu kama kaka alivyosema, na hapa ndipo nilipoanza kuelewa kwamba maji ya samaki si maji tu.

Samaki anakojoa na kunya ndani ya maji anayoyapumua. Taka zake zinatoa amonia, ambayo ni sumu. Ziwani na kwenye tangi zuri kuna bakteria wanaoibadilisha amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na bakteria wengine wanaoibadilisha nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa ikiwa kidogo. Bakteria hao hawaonekani. Wanakaa juu ya mawe, mchangani na ndani ya sponji ya chujio, na wanahitaji karibu majuma manne mpaka sita ili waongezeke vya kutosha. Sisi tulikuwa tumewaua wote kwa javeli, tukaweka samaki 12 siku ya kwanza.

Tena ziwa letu lina jambo lake. Maji ya Tanganyika yana pH inayokaribia 9, ni maji ya magadi. Kwenye maji ya pH 7, sehemu ya amonia iliyo sumu kali haifiki hata moja kwa mia. Kwenye pH 9, inafika karibu theluthi moja. Maana yake, uchafu uleule ambao samaki wa mto angeuvumilia, unamwua samaki wa Tanganyika. Nilipoelewa hilo, niliona haya kwa vile vifuko vya plastiki na taka tunavyotupa ufukoni tukisema «ziwa ni kubwa, litameza».

Na maji ya bomba? Hapa Uvira yanawekewa klorini kwa sababu ya kipindupindu, na ni lazima iwe hivyo, maana inaokoa watoto wetu. Lakini klorini hiyohiyo inaua bakteria wa chujio na inaunguza mashavu ya samaki. Ukitaka kutumia maji ya bomba kwenye tangi, yaache wazi kwenye beseni siku nzima kwanza.

Namna tulivyolirudisha

Tulikata silikoni yote ya zamani, maana silikoni mpya haishiki vizuri juu ya ile kuukuu. Tukatumia silikoni ya kawaida isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, ile inayonuka siki, tukaiacha ikauke mpaka harufu ikaisha kabisa. Tukalijaza maji nje ya nyumba, tukalitazama siku mbili kama linavuja. Lita 300 ni kilo 300, na mawe juu yake. Meza ya mbao isingestahimili, kwa hiyo fundi akatujengea kizimba cha matofali na saruji, tukaweka godoro jembamba la povu chini ya kioo.

Chujio tulilitengeneza wenyewe: chupa ya plastiki yenye matundu, ndani yake kipande cha povu la godoro jipya, na pampu ndogo ya hewa inayovuta maji kupitia pale. Umeme ukikatika, na mnajua unavyokatika, pampu inaendelea kwa batiri ya sola. Batiri nayo ikiisha, mtoto anachota maji kwa kikombe na kuyamwaga tena kutoka juu ili hewa iingie. Amefanya hivyo usiku mzima mara mbili.

Mawe tuliyachukua ziwani na mwani wake juu, bila kuyasugua. Mchanga tuliusafisha kwa maji matupu. Maji tuliyachota mbali na mdomo wa mto. Halafu tukangoja majuma sita bila samaki hata mmoja, tukitupia chakula kidogo tu ili bakteria wapate kula. Majirani walicheka. Mama mmoja aliniuliza: «Papa mwandishi, mnafuga mawe?»

Juma la saba tuliweka samaki wawili wenye madoa kama ubao wa mchezo wa dama, meupe na meusi. Wanaitwa Julidochromis marlieri. Jina hilo la pili ni la Georges Marlier, Mbelgiji aliyefanya kazi kwenye kituo cha utafiti cha hapa Uvira, na aliyempa samaki jina hilo mwaka 1956 ni Max Poll, naye Mbelgiji. Baadaye tukaleta Tropheus wadogo 12 kwa mara moja. Ukiwaweka watatu au wanne tu, mwenye nguvu anamwua mnyonge. Wakiwa wengi, ugomvi unagawanyika. Huyu anakula mwani wa mawe na ana utumbo mrefu. Usimpe mkate wala nyama, tumbo litavimba na atakufa. Sisi tunampa lengalenga iliyochemshwa kidogo.

Sasa kazi ni ndogo. Kila Jumamosi tunatoa bidoni tatu na kurudisha bidoni tatu. Sponji inakamuliwa ndani ya maji ya tangi yaliyotolewa, kamwe si bombani. Mikono inaoshwa kwa sabuni kabla na baada, na hakuna mtoto anayeonja maji yale, maana maji ya ziwa letu ndiyo njia ya kipindupindu.

Miezi mitano baadaye, jike mmoja wa Tropheus alianza kukataa chakula, kidevu kikamvimba. Mtoto akaogopa kwamba ni ugonjwa. Kaka akacheka: «Amebeba watoto.» Jike huyo anaweka mayai mdomoni, machache tu, na anayabeba karibu mwezi mzima. Siku aliyowatoa walikuwa saba. Kaka alisogeza kiti chake mpaka kikagusa matofali, na jioni ile hakuenda kulala mapema.

Jambo ambalo tangi lilituonyesha

Mwezi wa Novemba mvua ilinyesha sana. Jumamosi ile tulikuwa na haraka, tukachota maji karibu na mdomo wa mto, yenye rangi ya chai ya maziwa. Tulidhani udongo utashuka chini na maji yatakuwa safi. Kweli, kesho yake maji yalikuwa safi. Lakini udongo ulikuwa umelala juu ya mawe yote kama vumbi juu ya meza. Tropheus walikuwa wanauma jiwe, wanatema, wanauma tena, wanatema. Mwani ulikuwa chini ya matope, hauoni jua, na samaki hawapati kitu. Ilituchukua majuma mawili kufyonza ule udongo kwa mpira mwembamba.

Mtoto wa kaka akauliza swali ambalo ndilo limenifanya niandike makala hii: «Baba mdogo, sasa kule ziwani nani anafyonza?»

Hakuna. Udongo wa milima yetu iliyokatwa miti unashuka kila msimu wa mvua na kulala juu ya mawe. Mwaka 1993 mtafiti Andrew Cohen na wenzake walichapisha kazi waliyoifanya upande huu wa kaskazini wa ziwa. Walilinganisha fukwe zenye udongo mwingi na zile zenye udongo kidogo, wakaona kwamba penye udongo mwingi aina za samaki ni chache. Ni zaidi ya miaka 30 sasa. Ni wangapi kati yetu wamewahi kuisikia habari hiyo? Mimi mwenyewe, mwandishi wa habari na mzaliwa wa hapa, nilihitaji tangi la sentimeta 120 ili niielewe.

Na ziwa lina udhaifu ambao tangi halina. Sisi tunabadilisha maji bidoni tatu kila juma. Ziwa Tanganyika lina kina cha meta 1,470 na mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga kule Kalemie. Maji mengi yanaondoka kwa kupanda kama mvuke, na uchafu unabaki. Nani atalibadilishia maji ziwa? Mwaka 2024 nchi za ziwa zilianza kupumzisha uvuvi kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, na ninaunga mkono, ingawa najua familia nyingi ziliumia. Lakini matope hayana mapumziko.

Wanatujua kuliko tunavyojijua

Ziwa hili lina aina karibu 250 za samaki wa jamii ya cichlidae, na karibu wote hawapatikani mahali pengine popote duniani. Sehemu yetu Wakongomani ni asilimia 45 ya ziwa. Mwaka huohuo wa 1993, Mjapani Michio Hori aliandika katika jarida la Science juu ya samaki wa ufukwe wetu huu wa kaskazini-magharibi wanaoishi kwa kung'oa magamba ya wenzao. Baadhi wana mdomo uliopinda kushoto, wengine kulia. Wa kushoto wakizidi, samaki wanaoshambuliwa wanajifunza kujilinda upande ule, na wa kulia wanapata nafasi. Hesabu inarudi karibu nusu kwa nusu. Wanafunzi wa vyuo vikuu vya dunia wanafundishwa habari hiyo. Wanafunzi wetu wanaosoma meta 500 kutoka ziwani wanakariri picha ya samaki wa kitabu cha kigeni.

Ng'ambo wako watu wanaofuga hata matumbawe ya bahari nyumbani: wanapima chumvi gramu 35 kwa kila lita na kuchanganya maji yao wenyewe. Wale wanaofuga samaki wa Tanganyika nao wananunua magadi na chumvi ili maji yao yafanane na ya kwetu. Wanawauza kwa majina ya vijiji vyetu: Tropheus wa Bemba, frontosa wa Moba, frontosa wa Kapampa. Frontosa mkubwa aliyekamatwa ziwani anaweza kupita dola 100. Sisi maji tunayachota bure, na hatuna hata tangi moja la kumwonyesha mtoto.

Nitajibiwa

Wengine watasema: watu wana njaa, wewe unawalisha samaki lengalenga. Ninakubali kwamba njaa ipo. Lakini sikuombi kila nyumba iwe na tangi. Ninaomba moja kwa shule, la vioo na matofali na chupa ya plastiki. Bei yake haifiki ile ya televisheni nyingi nilizoziona kwenye ofisi ambazo umeme haufiki. Na mtoto aliyeona kwa macho yake samaki akitema matope hatahitaji semina ya kuelezwa kwa nini tunapanda miti na kuchimba mitaro ya kuzuia udongo mlimani. Ndagala wenyewe tunaokula wako ndani ya maji hayohayo.

Wengine watasema: mkifundisha vijana kukamata samaki wa mawe, mtawamaliza. Hofu hiyo ni ya kweli. Tropheus anatoa watoto saba, wala si elfu saba. Kundi la mawe fulani likikamatwa ovyo, linaweza kuisha. Ndiyo sababu tangi la shule lipate samaki wachache, kwa kibali cha huduma ya uvuvi, na baada ya hapo waongezeke wenyewe ndani ya tangi.

Tena lipo kosa ambalo watu wa moyo mwema ndio wanaolifanya: kurudisha samaki ziwani popote. Samaki wa mawe havuki mchanga wala kina kirefu. Ndiyo maana kila kipande cha mawe kina rangi yake: huku mweusi mwenye mstari wa machungwa, kilometa chache mbele rangi nyingine kabisa. Ukichukua samaki wa Moba ukamwachia Uvira, unachanganya kilichotenganishwa kwa maelfu ya miaka. Samaki wa tangi akizidi, apewe shule nyingine. Asitupwe ziwani.

Ombi langu

Kwa wakurugenzi wa shule na kamati za wazazi: anzeni na tangi moja, na mngoje majuma sita kabla ya kuweka samaki. Mkishindwa kungoja, msianze.

Kwa kituo cha utafiti wa maji kilicho hapa Uvira: elimu mnayo. Walimu wa biolojia wako tayari kujifunza. Wafungulieni mlango siku moja kila mwezi.

Kwa wanaonunua na kusafirisha samaki wa rangi: iandikwe kwenye teritwari ni samaki gani, wangapi, na wametoka kwenye mawe yapi. Na kabla ya kijana kufungwa mpira wa hewa mdomoni, afundishwe namna ya kupanda. Samaki mnampandisha polepole kwa sababu ana bei. Kijana naye ana mama.

Kwa viongozi wa mji na wa milimani: udongo unaoshuka kwenye Mulongwe na Kalimabenge ndio unaobomoa nyumba zetu na ndio unaofunika mawe ya samaki. Ni shida moja. Miti na mitaro mnayotuahidi kila baada ya mafuriko ianze kabla ya mvua inayokuja.

Kwa vijana: watafuteni wazamiaji wa zamani wa mtaa wenu. Wako wengi, wamekaa kwenye viti, wengine na gongo kama kaka yangu. Wanajua jiwe kwa jiwe kutoka Kalundu mpaka Fizi. Wanangoja kuulizwa tu.

Nyumbani kwa kaka, watoto wa mtaa wamerudi kuketi chini jioni. Wale Tropheus saba sasa ni wakubwa kama kidole gumba. Juzi mtoto wa kaka alibandika karatasi kwenye kioo, ameandika kwa mkono jina la kila samaki na mahali alipotoka. Kwenye mstari wa mwisho, pa jina la mwalimu, ameandika: Baba.

Wasomaji, je, kwenye shule ya mtoto wenu kuna mtu anayeweza kuanza? Niandikieni.